Suruali ya Nyuma ya Mlango

Mtaani wanamwita Mama Pini, kwa sababu mdomo wake huwa na pini tangu asubuhi. Ni fundi wa suruali, na ana sharti moja ambalo hajalivunja kwa tajiri wala maskini: hapindi mguu wa suruali mpaka mwenyewe asimame ndani yake, tena kavaa viatu. Tepu, husema, haijui mtu anavyosimama.

Ndiyo maana ile nyeusi iliyotundikwa nyuma ya mlango ina mwaka wa tisa haijapindwa. Ni ya mumewe. Alisafiri kwenda kutafuta kazi kabla hajaijaribu, akaahidi wataimalizia akirudi. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila wiki, wa pili kila mwezi, halafu basi. Mama Pini bado ana hamu naye, na hilo hamfichi mtu.

Sasa shemeji yake, mdogo wa mume, ameitwa kwenye usaili wa kazi kesho, na hana suruali ya maana. Kiuno chake na cha kaka yake ni kimoja, kwa hiyo akaiomba ile nyeusi. Mama Pini alijitetea kwamba haijaisha, utadhani kuna fundi mwingine anayengojwa.

Mchana akapita mwalimu mstaafu, mteja wa zamani, anayependa kumsimulia habari za maneno kwa kuwa mwenye pini mdomoni habishi. Leo ilikuwa zamu ya suruali. Neno hilo, alisema, lilianzia Uajemi, likapita kwa Waarabu, ndipo likatufikia. Huko lilikuwa vazi pana la kufungwa kwa kamba kiunoni. Kwetu likawa hii ya zipu na mifuko. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nalo lilipewa jembe, likalima mpaka likasahau lilikotoka.

Mama Pini alizitoa pini mdomoni, akazishika kiganjani.

"Mwalimu, likishatoka hivyo, hurudi?"

Mwalimu alianza kucheka, kisha akauona uso wake.

"Halirudi, mama. Likishazoea kwa watu, huko ndiko kwao."

Mama Pini alizirudisha pini mdomoni. Mwalimu akaaga.

Alasiri alimwita shemeji, akamwambia avae suruali ile na viatu vyake, apande kwenye kibao. Alipiga magoti, akaanza kubana pini. Machozi yalimtoka, na shemeji, mtu wa heshima zake, akakazana kutazama ukutani. Kiuno kilikaa sawa, lakini miguu ya suruali ilizidi urefu kwa vidole vinne.

Shemeji akamnong'oneza kwamba mkasi uko mezani, akate tu kilichozidi.

"Sikati, shemeji," alisema Mama Pini. "Nakunjia ndani. Kaka yako ni mrefu."