Tope la Bi Karai na Mayai ya Mbayuwayu

Saa moja asubuhi, Bi Karai ameinama uani kwake, mgongo juu, kichwa chini, anazungusha mchanga kwenye karai lililompa jina. Anamwaga maji, anazungusha tena. Ukimwamkia anaitikia bila kuinua macho.

"Marahaba, lakini usinizibie jua. Dhahabu yenyewe haionekani, na wewe unaniletea giza."

Mwaka wa kumi na tisa huu anaosha mchanga wa wachimbaji wadogo. Wiki nzuri ilimwachia nusu gramu ya dhahabu. Wiki mbaya ilimwachia mgongo.

Silaha yake ilikuwa zebaki, yale majimaji mazito yanayong'aa kama fedha, aliyoyaweka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Zebaki hunasa chembe za dhahabu mchangani. Iliyobaki ilikimbilia bwawani, kwenye dimbwi la maji ya kuoshea nyuma ya ua wake, na bwawa halisemi.

Waliosema ni mbayuwayu.

Ndege hao hujenga viota vya matope chini ya paa lake kila mwaka. Mwaka huu mvua zilichelewa, mto ukanywea hadi mbuzi wakavuka bila kulowa magoti. Tope bichi likabaki mahali pamoja tu, pembeni mwa bwawa la Bi Karai. Wakalichota huko, donge kwa donge, na wadudu wa bwawani ndio wakawa chakula chao.

Viota vinne, mayai kumi na saba. Akaanguliwa kifaranga mmoja, naye hakumaliza siku tatu.

"Nikasema labda ni mambo yao ya ndoa," anasema. "Maana jike anaacha mayai, anakaa kwenye waya amekodoa macho kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Nikamwambia, mwenzangu, rudi nyumbani!"

Kicheko kilikatika alipokuja mtafiti wa ndege, binti aliyekuwa akihesabu viota kando ya mto. Alichukua manyoya, mayai na kipande cha kiota. Wiki sita baadaye akarudi na karatasi.

"Mama, kiota kina zebaki. Manyoya yana zebaki. Mayai ndiyo usiseme. Ndege akila sumu hii, hata akili ya kulalia inampotea."

"Kwani nimewaita mimi?" Bi Karai akamjibu. "Tope wamelipenda wenyewe kwa ulaini wake. Hata mimi nililipenda."

"Wewe ulilifanyia nini?"

Bi Karai alinyoosha kidole kwenye chumba cha mkaza mwana wake, mwenye mimba ya miezi sita.

Ndicho chumba kizuri kuliko vyote nyumbani. Kuta alizikandika mwenyewe kwa viganja vyake, kumwandalia mjukuu, kwa tope lilelile. Limeshaoshwa, halina kokoto, linateleza kama mafuta. Jua likipiga bati, chumba huwa tanuri, na sumu hufuka ukutani bila harufu.

Mkaza mwana alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akashika tumbo.

"Mama, mimi hulala nimeegemeza shavu hapo. Pana ubaridi."

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Bi Karai. "Kutwa namcheka ndege, kumbe mimi na yeye tumejenga kwa tope moja."

Siku hiyohiyo mkaza mwana alihamia kwa dada yake, mlimani. Damu yake ilikutwa na zebaki. Ya mtoto, daktari alisema, itajulikana akizaliwa. Mumewe, mwana wa Bi Karai, alizilowesha kuta vumbi lisiruke, akazibomoa, akazifukia mbali na mto.

Chupa ya zebaki Bi Karai alimkabidhi mtafiti. Sasa anaosha kwa maji na blanketi tu, blanketi likinasa dhahabu. "Napata nusu ya zamani," anasema, "lakini mgongo unauma uleule, haukupunguza bei."

Mpango wake ni kulifukia bwawa lote kabla mvua hazijarudi. Kila jioni anabeba ndoo mbili za udongo mwekundu kutoka mlimani: moja ya kuta mpya, moja anaikoroga na maji kwenye karai kuukuu lisilowahi kuguswa na zebaki, anawawekea mbayuwayu.

"Kifaranga akiruka kutoka paa hili, ndipo nitamwita mkwe wangu arudi na mtoto. Kabla ya hapo sina uso."

Jana mbayuwayu mmoja alitua ukingoni mwa karai hilo. Bi Karai alikuwa amechuchumaa karibu. Ndege akalitazama tope, akamtazama yeye, akaruka kuelekea bwawani.

"Hata mimi ningekuwa yeye, nisingemwamini Bi Karai," akasema, akainuka kuongeza maji.