Baraka za Rhobi Pale Korongoni

Nkende, mjini Tarime, ukiuliza kwa mama wa kimea, hata mtoto atakupeleka. Rhobi ameuza kimea zaidi ya miaka thelathini. Huloweka wimbi, hufunika kwa magunia mpaka liote, halafu huanika kwenye turubai la bluu mbele ya nyumba na kukaa kando na kifimbo akifukuza kuku. Kazi hiyo ndiyo iliyolea mabinti watatu, na wote wameshaolewa wakaondoka. Mtoto wa kiume hakupata. Mume wake, Nyamhanga, alikufa binti wa tatu akiwa bado ananyonya, na kaburi lake liko pale pale uani, karibu na mti wa parachichi.

Sasa, kwa Wakurya, nyumba isiyo na kijana haiachwi hivi hivi izimike. Mama mwenye nyumba huchukua ng'ombe walioingia kwa mahari ya mabinti zake, akaoa msichana. Ndiyo, mwanamke anaoa, na ng'ombe wanatoka, na watu wanakula. Watoto atakaowazaa yule msichana, awe amezaa na nani, ni wa nyumba ile. Wanaiita nyumba ntobhu. Rhobi alitoa ng'ombe wanane akamwoa Gati, binti wa miaka kumi na tisa kutoka upande wa Serengeti, mpole, mwenye sauti nzuri ya kuimba akiwa jikoni.

Siku zile alikuwepo mtaani fundi mwashi mmoja, Joram, kijana wa kuja, kwao hakuna aliyekujua, aliyefika kujenga nyumba ya jirani. Rhobi aliona anavyomtazama Gati, na anavyotazamwa. Akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu ilimfaa. Mwaka haujaisha Gati akajifungua mtoto wa kiume, na Rhobi akampa jina la marehemu, Nyamhanga. Alimbeba akamzungusha mtaa mzima, hata kwa watu aliokuwa hasemi nao.

Shida ikaanza mtoto alipojifunza kusema. Kila akimwona Joram alimkimbilia na kumwita baba. Rhobi hakuipenda. Siku moja Joram alikuja jioni akitoka kazini, ana mkate na pima maji mkononi, Rhobi akamsimamisha mlangoni, akamwambia mbele ya watu, "Ulichoitiwa umeshamaliza, fundi. Chukua pima maji yako uende." Watu walicheka, hata Rhobi mwenyewe. Gati hakucheka. Baada ya miezi miwili Gati alitoka saa nne asubuhi kwenda kusaga mahindi, mtoto mgongoni, ndoo ya mahindi kichwani. Ndoo ilikutwa mashineni. Mahindi yalikuwa hayajasagwa.

Ilipita miaka ishirini na mbili. Rhobi aliulizia mpaka akachoka kuulizia, na alipochoka ndipo shemeji yake Sylvester, mdogo wa marehemu mumewe, alipoanza kupita pale uani akipima kiwanja kwa hatua za miguu. Nkende ya leo siyo ile ya zamani, kila mtu anajenga vyumba vya kupangisha.

"Shemeji," Sylvester alimwambia akiwa amekaa juu ya gunia lake la kimea bila kukaribishwa, "kaka hana mtu hapa. Wewe umri ndiyo huo. Wazee wa ukoo wanakaa Jumamosi. Nimeomba kiwanja apewe mwanangu."

"Kaka yako ana mjukuu."

"Yupo wapi?"

"Yupo."

"Basi mlete Jumamosi tumwone. Mimi sina neno. Akija, nitamsalimia na kumvulia kofia. Asipokuja, shemeji, tusisumbuane."

Ilikuwa Jumatatu. Jumanne mteja mmoja wa kimea kutoka Mugumu, akiwa anafunga mzigo wake, alisema tu katika maneno, kama mtu anayetaja mvua, kwamba kule Morotonga kuna mama aliyetokea Tarime anaimba kwaya, sauti utadhani redio, anaitwa Gati, mume wake ni fundi wa nyumba. Rhobi akamwuliza jina la huyo fundi, akaambiwa Joram. Miaka yote anatafuta, na jibu limekuja lenyewe kununua kimea.

Jumatano alfajiri alikodi pikipiki ya Mwikwabe, kijana wa mtaani anayemwita bibi na kumtania tangu akiwa mdogo. Alijifunga kitenge kipya, akachukua mfuko mdogo wa kimea, maana haendi kwa watu mikono mitupu.

"Bibi, unaenda kuposa?" Mwikwabe aliuliza.

"Naenda kumchukua mume wangu," alisema Rhobi. Nyamhanga mdogo kwake ndiye mume aliyerudi, jina ni lile lile. Mwikwabe alicheka njia nzima.

Walipofika mbele ya kijiji cha Matongo walikuta korongo limejaa. Mvua ilinyesha milimani usiku, maji yamepita juu ya barabara, ya rangi ya chai ya maziwa, na pikipiki zote zimepangwa zikingoja. Kandokando palikuwa na banda la chai la Agustina, mama mnene mcheshi. Rhobi akakaa, akaagiza chai na kiazi.

Wakati huo ndipo walipoonekana ng'ombe ng'ambo ya pili. Kijana mmoja mrefu, suruali imekunjwa mpaka magotini, anawaswaga pamoja na mwenzake. Pikipiki haziwezi, lakini ng'ombe wanaweza. Waliingia majini mmoja mmoja, kijana akiwapigia mluzi, maji yakafika tumboni, wakatoka upande huu wakijitikisa. Watu wa bandani walipiga makofi.

Kijana alimwachia mwenzake ng'ombe wapumzike kwenye majani, yeye akaja bandani akitiririka maji.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

"Marahaba," walijibu wote wawili, na Rhobi akamsogezea nafasi kwenye benchi. "Kaa, mwanangu. Umetoka mbali?"

"Upande wa Mugumu, bibi. Leo siku ya pili."

"Na unaenda?"

"Tarime."

"Ng'ombe wazuri hivi hawaendi mnadani," Mwikwabe akadakia. "Huyu anaoa. Mtazame anavyoona aibu."

Kijana alitazama kikombe chake akatabasamu kidogo, asikubali, asikatae. Nani angefikiri vingine? Kijana, ng'ombe waliosuguliwa wakang'aa, njia ya kwenda mjini kwa watu. Kila mtu bandani alijua jibu, na hakuna aliyeuliza zaidi.

"Mama wewe ndiye mkubwa hapa," Agustina alimwambia Rhobi. "Mbarikie mtoto safari yake. Amevuka maji."

Rhobi alifurahi. Naye alikuwa safarini kwa ajili ya kijana, na kumbariki wa mwingine aliona ni kama kujitengenezea njia. Alifungua mfuko, akatia kimea mdomoni, akakitafuna, akaenda mpaka walipo ng'ombe. Aliwatemea mmoja mmoja mgongoni, kama wazee wanavyobariki, na kijana akasimama nyuma yake ameinamisha kichwa.

"Mfike wote," alisema Rhobi. "Mlango mnaouendea ufunguliwe. Mwenye mji awapokee kwa mikono miwili, asirudishe hata mmoja. Na kilichowatoa nyumbani kikamilike."

"Amina," alisema kijana, kwa sauti nzito kuliko walivyotegemea.

Sasa alipokuwa anawatemea ndipo Rhobi alipowaona vizuri. Alirudi kwenye benchi akawa bado anageuza shingo.

"Huyo mwekundu mwenye baka jeupe begani," alisema. "Mimi nilikuwa na mwenzake. Kabisa. Nilimtoa kwenye mahari, zamani."

"Ng'ombe wanafanana, bibi," alisema Mwikwabe.

"Na yule wa pembe moja chini. Nilimtoa pia, siku hiyo hiyo." Alicheka, akiona ni maajabu ya njiani tu. "Na mitamba wawili weusi, kama mapacha. Yaani leo nimekutana na zizi langu barabarani."

Kijana aliacha kutafuna. Akaweka kiazi chini.

"Bibi," alisema taratibu, "wewe unatokea wapi Tarime?"

"Nkende."

"Kwa nani?"

"Kwa Nyamhanga. Mimi ndiye Rhobi wa kimea."

Kijana aligeuka akawahesabu ng'ombe wake.

"Mama alitutajia rangi zao wote wanane," kijana alisema. "Alisema warudi kama walivyokuja, mtu asije akasema wamepungua chochote. Mwenye baka ndiye aliyetusumbua. Tulimtafuta karibu mwaka mzima."

Rhobi alimtazama. Sasa akayaona masikio ya Joram na paji la uso la Gati, vyote vilikuwa hapo tangu mwanzo, pamoja na chai.

"Nyamhanga," alisema.

"Naitwa Steven. Steven Joram."

"Nilikuwa nakuja kwako. Nimetoka alfajiri, nakuja kwako."

"Na mimi kwako, bibi. Mama anaumwa. Hospitali wametuambia tukae naye nyumbani. Kila asubuhi anauliza ng'ombe wamefika wangapi. Hataki kuzikwa Nkende." Alisema bila hasira, kama mtu aliyekariri maneno njiani siku mbili. "Na mimi nataka kuoa kweli, huyu wa pikipiki hakukosea. Wazee wa kwao binti wameniuliza mimi wa nyumba gani. Nikitaja ya baba, wananiambia baba yako hakumtolea mama yako ng'ombe. Wazee wetu wamesema wewe ukiwapokea hawa kwa mkono wako, yameisha, mama na mimi tumetoka kwenye nyumba yako. Ukikataa, hayaishi."

"Jumamosi wazee wanakaa," Rhobi alisema, na sauti yake ikaanza kukimbia. "Kuna kiwanja mjini, kizuri, kina parachichi. Ni chako. Sylvester anakitaka. Wewe usimame tu pale wakuone, hata siku moja. Nyumba haina mtu."

"Ilikuwa na watu watatu, bibi."

Maji yalikuwa yanapungua, na pikipiki ya kwanza ikajaribu kuvuka. Hakuna aliyeitazama.

"Ile pima maji baba bado anayo," alisema Steven. "Anafanyia kazi mpaka leo."

Rhobi alifahamu kwamba neno lake la siku ile lilikuwa limelelewa vizuri kule Morotonga, likakua na mtoto ndani ya nyumba moja. Alikuwa na haki ya kukataa. Desturi ilikuwa upande wake. Angesema hapana, na ng'ombe wangegeuzwa, Gati angekufa akiwa mke wake na kurudishwa Nkende kuzikwa, na kijana huyu, apende asipende, angebaki Nyamhanga. Jumamosi angewaambia wazee, nimemwona kwa macho yangu, yupo. Alifungua mdomo.

Agustina alimwahi, kwa upole, akifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Mama, umeshawatemea. Umesema mwenye mji asirudishe hata mmoja. Sisi sote tumesikia."

Rhobi alikuwa bado na ladha ya kimea mdomoni. Mtu akishabariki kwa mdomo wake mwenyewe, akala maneno yake, nani atamwita tena abariki? Na ng'ombe hao wangeishi kwa nani, wenye baraka iliyokataliwa na aliyeitoa?

"Walete," alisema mwishowe. "Nitangoja nyumbani."

Alirudi na Mwikwabe, ambaye hakutania hata mara moja mpaka Nkende.

Alhamisi mchana ng'ombe waliingia mtaani. Watu walitoka nje, wakaona kijana mrefu anaswaga mifugo kuelekea kwa mama wa kimea, na vigelegele vikapigwa, maana habari ya mjukuu aliyepotea ilijulikana. Sylvester alisimama barabarani, akavua kofia kama alivyoahidi. Rhobi alikuwa ameamka mapema, amepika ugali wa wimbi na jogoo, ametandika mkeka karibu na kaburi.

Steven aliingiza ng'ombe uani, akamwita Mwikwabe awe shahidi, akamkabidhi Rhobi kamba ya yule mwenye baka. Rhobi aliipokea kwa mikono miwili.

"Kula kwanza, mwanangu. Umetembea."

"Nashukuru, bibi. Mama alisema nisile hapa."

"Maji basi."

"Nimekunywa hapo kwa jirani."

Aliinama kidogo, akasema shikamoo, ile ile aliyompa bandani kabla hajamjua, akatoka. Wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele waliacha mmoja mmoja. Sylvester akavaa kofia yake.

Jumamosi wazee walikaa. Haikuchukua muda. Kiwanja walimpa mtoto wa Sylvester, na Rhobi akaachiwa nyumba aliyomo mpaka siku zake ziishe. Mzee mmoja alimwambia, kwa kumfariji, kwamba ng'ombe sasa anao, anaweza kuoa msichana mwingine. Rhobi alimwuliza amwoe ili huyo naye amfukuze pamoja na nani. Wazee hawakuelewa, wakamsamehe kwa sababu ya uzee.

Gati alikufa mwezi uliofuata, akazikwa Morotonga. Habari ililetwa na yule yule mteja wa kimea.

Rhobi bado yupo, na turubai lake bado ni la bluu, ila sasa limesogezwa upande mmoja kwa sababu ya msingi wa vyumba vya kupangisha. Vijana wakipita na ng'ombe wa mahari husimama kwake, wanajua kimea kipo na bibi ni mkubwa. Siku hizi hatemi upesi. Huuliza wanaenda kwa nani, wa ukoo gani, na mwenye mji anaitwaje. Vijana hucheka wakamjibu. Naye husikiliza mpaka mwisho, ndipo hutia kimea mdomoni.