Jini la Nyumba ya Munyakazi

Mdogo wangu Twahiru aliangukiwa na cherehani mwaka 1963, akiwa na miaka minne. Ilikuwa cherehani ya baba yetu, Munyakazi, fundi nguo wa Biryogo, mtaa wetu wa Waislamu, na meza iliyoibeba ilikuwa na mguu mbovu ambao kila mtu aliujua. Mimi, Swafiya, nilikuwa na miaka tisa na niliona yote. Mtoto alilala siku mbili. Baba aliikagua cherehani, akaona ni nzima, akatuambia habari hiyo isitoke nje. Haikutoka kwa miaka ishirini na moja. Sisi ni watu wa kutunza siri, hasa zile zinazotuumbua.

Twahiru alipoamka alikuwa mtoto mwingine. Alinyamaza katikati ya neno, macho yamesimama, kisha akarudi asijue alikuwa wapi. Akikasirika alirusha sahani, halafu alilia kutwa. Chuoni alisahau leo aya alizokariri jana, na mwalimu alimchapa, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kufundisha. Nyumbani Baba alimalizia.

Alipotimiza miaka kumi, Baba alimpeleka kwa mganga, akaambiwa ni jini la pwani. Hapo mambo yakaharibika kabisa, kwa sababu Baba alifurahi. Mtaani kwetu kila familia ilikuwa na babu aliyekuja na misafara kutoka Bagamoyo. Babu yetu alitiliwa shaka. Walisema alitoka Masaka, kijiji cha hapo jirani, akavaa kofia tu. Sasa tulikuwa na ushahidi. Jini la pwani lingemfuata vipi mtu wa Masaka?

Basi likapewa kiti chake, ubani kila Alhamisi, na kahawa kabla ya wageni. Wageni walilisalimia kwa adabu. Twahiru alikaa chini kwenye mkeka, na sikumbuki mgeni aliyemsalimia yeye.

Alichotaka Twahiru ni kitu kimoja: kushona. Baba alimkataza kugusa mkasi, eti jini halipendi chuma. Akiwa na miaka ishirini na mitano bado alikuwa akiokota vipande vya nyuzi sakafuni. Mwaka huo aliniambia amechoka kuishi. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuarifu kwamba chumvi imekwisha. Niliogopa sana.

Wiki hiyo hiyo alikuja Mukashema, muuguzi kutoka Kabeza, kupimwa gauni la kazi. Baba akiwa anampima mikono, Twahiru akanyamaza katikati ya salamu, macho yakasimama. Mukashema alimtazama mpaka aliporudi.

"Mzee, huyu kijana iko na hii kitu tangu lini?" akauliza. "Alipigwaka na kitu ku kichwa, akiwa mutoto?"

"Hapana, mama. Ni jini."

Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mama wa watoto watatu, na bado nilimwogopa baba yangu. Nikasema, "Cherehani ilimwangukia. Ile pale."

Baba aliupima mkono wa Mukashema mara tatu, akaandika kipimo kile kile mara tatu.

Nilimpeleka Twahiru hospitali mwenyewe. Daktari alisema ubongo uliumia tangu utotoni, na hasira na huzuni zimetoka huko. Alimpa vidonge na kumtaka arudi kila mwezi wazungumze. Kile kimya kikapungua, hasira zikapungua, huzuni ikachelewa kuondoka. Baba aliwatangazia majirani kwamba jini limesafiri kwenda kwao. Wengine walimpa pole.

Mkasi Baba aliuacha mezani siku moja bila kusema neno, na Twahiru akauchukua. Anashona polepole, lakini pindo zake zimenyooka kuliko za Baba.

Mwaka uliofuata tulikuwa tumekaa wawili, yeye anashona suruali, mimi natia vifungo.

"Dada," akasema, "zile siku nilikuwa napigwa, kumbe nilikuwa mugonjwa?"

"Ndiyo."

"Baba alikuwa anajua?"

"Alijua."

"Na weye?"

Nikamwambia nami nilijua. Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, akaikunja suruali vizuri.

"Basi ni mimi tu sikuambiwa," akasema. "Miaka yote nilifikiri niko muntu mubaya."