Sheba na Toroti

Katika miaka ya hamsini, shangazi yangu Chepkosgei alikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu huko Njoro. Memsaab, mke wa mzungu huyo, alishindwa kulitamka jina lake, au alikuwa mvivu tu, akamwita Sheba. Shangazi aliitika.

Kulikuwa na ng'ombe aitwaye Dorothy. Kwa ulimi wake wa Kinandi, shangazi alimwita Toroti, akamwimbia mpaka maziwa yashuke.

Asubuhi moja memsaab alisimama langoni akaita, “Dorothy!” Ng'ombe akaendelea kula nyasi. Shangazi akaita, “Toroti!” Ng'ombe akaja mbio.

“Unamharibia ng'ombe wangu jina!” memsaab akafoka. “Mbona wewe nikikuita Sheba unakuja?”

“Mimi nalipwa mshahara, memsaab,” shangazi akajibu. “Ng'ombe halipwi.”