Tani za Mume Wangu

Mume wangu ana jeshi. Limekalia meza yetu ya chakula, hapa nyumbani Nengo, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma, roboti kumi na nne za maboksi, na sisi wenye nyumba tunakula tumepakata sahani. Roboti zenyewe ni za kubuni: machuma marefu kuliko ghorofa, yana miguu, na dereva anakaa kifuani mwake akipigana vita. Mchezo kautunga mwenyewe. Mtu mzima, mfanyakazi wa ofisi, anavua tai jioni, anaanza kufuta na kuandika upya daftarini tani za kitu kisichokuwepo duniani.

"Kila chuma iko na vitu mbili," amenifundisha mara elfu, kwa Kiswahili chake cha Goma. "Uzito na kazi. Kama haina kazi, donc ni chuma ya bure."

Basi nikasoma, nitafanyaje? Chuma chepesi, tani ishirini, hukimbia mbele, humchungulia adui, hurudi kusema. Mmbea, kwa kifupi. Cha kati hakina makuu, huziba pengo. Kizito, tani themanini, hutembea polepole, hakigeuki, na kikifika mahali lazima kitu kivunjike. Nikamwambia huyo namfahamu, huja kutoka Kanama na maharagwe yake kila mwezi, kukagua jiko langu. Hakucheka. Mama yake ni mama yake.

Msinione nina roho mbaya. Chuma cha kwanza alikikata kwenye boksi la kitanda cha mtoto. Kitanda tulimpa jirani baada ya mimba ya pili kutoka, boksi likabaki. Tangu hapo neno mimba halikutajwa tena kwetu. Mimi nikasali, yeye akapima machuma. Kila mtu na dawa yake.

Sasa fikirieni hofu niliyopata nilipojikuta nina nyingine. Nilinyamaza. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu natembea kama nimebeba mayai. Na yeye, bingwa wa kujua tani kwa jicho, hakuona kitu. Hongera zake.

Jumapili moja tumetoka kanisani, nikasema leo liwalo na liwe. Lile neno tulilolikimbia nikaliruka, nikachukua la adabu, la kule Tanzania nilikokulia.

"Mwenzangu, mimi ni mjamzito."

Alikuwa anabandika bunduki begani mwa chuma kimoja. Hata macho hakuinua.

"Muzito? We? Aa, hapana, chérie. We iko wa katikati tu."

Yampaye inka, Mungu wangu! Na kwa upole kabisa, anadhani ananisifia umbo. Hicho ndicho Kiswahili kilichotuoanisha, mnakiona?

"Wa katikati," nikasema. "Ahsante sana. Na kazi yangu je?"

Hapo ndipo alipoweka gundi chini na kunitazama vizuri, maana mambo ya mchezo hayana mzaha. "Bon. Sema we mwenyewe. Kupeleleza ao kulinda?"

"Kubeba."

"Kubeba nini?"

Niliushika mkono wake wenye gundi nikauweka tumboni, juu ya kitenge changu cha kanisani. Lile neno naye akaliruka.

"Miezi ngapi?"

"Minne."

Zile mbili za mwanzo hazikuvuka mwezi wa tatu. Hesabu hiyo aliijua kuliko tani zote za daftarini. Aliuliza tena, nikamjibu tena, minne. Akapiga magoti bila kuutoa mkono, na suti yake ya Jumapili, akalia kwa sauti mpaka nikaogopa majirani watakuja. Nikatafuta la kumkejeli. Mimi, na mdomo huu wote, nikalikosa.