Mgeni wa Miaka Thelathini

Kamusi yangu, ambayo mchwa wamekwisha kula kurasa zake za mwanzo, inasema mgeni ni mtu asiye mwenyeji wa mahali. Haisemi ugeni huo unakwisha lini. Mimi niliyejisomea bila mwalimu nimelijifunza hilo kwa Mama Kaleb.

Jina lake Yasinta. Alishuka kutoka Mpale, milimani kwa Washambaa wenzake, mwaka 1994, akaolewa hapa kijijini kwetu Handeni. Alikuja na sufuria mbili na mbegu za maharage ambazo jua letu lilizikaanga humo humo ardhini. Amezaa watoto wanne hapa, amemzika mume hapa, na Kizigua anakisema vizuri kuliko wajukuu zangu, ambao siku hizi lugha yao yote ni "mambo" na "poa". Hata hivyo, kila palipokuwa na harusi au msiba, wanawake walipoketi mkekani kuchambua mchele, yeye alikimbiziwa kiti.

"Karibu mgeni wetu, kaa hapa."

"Jamani, nipeni kisu nami nisaidie."

"Aa, mgeni hachafui mikono!"

Wazigua na Washambaa ni watani, lakini mgeni hataniwi. Basi alikaa juu peke yake, mgongo umenyooka, akiwasikia wenzake wakichekana huko chini. Siku moja aliniambia, "Mzee, mimi nitafia kwenye kiti hicho." Nikamjibu kwamba angalau kiuno hakitamuuma.

Mwaka jana Ikram, mjukuu wa Bibi Mwanaidi, akaolewa. Vijana hawakutaka habari za mkeka. Walikodi wapishi kutoka Korogwe, na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa na kufungwa utepe kiunoni, kana kwamba navyo vinaolewa. Wanawake waliopika harusi yangu mimi wakakaa mistari, mikono mapajani, wakisubiri kuhudumiwa. Kijiji kizima kimekuwa wageni kwao wenyewe! Niliumia. Yasinta ndiye pekee aliyekaa vizuri. Mwenzetu alikuwa na uzoefu.

Saa saba mchana pilau ikaanza kunuka moshi. Bibi Mwanaidi, mwenye miaka themanini, akaenda akafunua sufuria. Chini mkaa, juu mchele mbichi, na wapishi wa kukodi wanatupiana lawama. Na watu wa bwana harusi wamekwisha kupiga simu kwamba wako njiani. Bibi akawatazama wasichana; kila mmoja akatazama kucha zake zilizopakwa rangi.

"Yasinta!" akafoka. "Unanikodolea macho kama picha ya ukutani? Inuka umenye vitunguu!"

Tangu aje, hakuna aliyewahi kumtuma. Yasinta aliinuka kwa kasi hata kiti kikaanguka, akavua viatu, akaketi chini vumbini na gauni lake la kuendea harusini, kisu mkononi.

Bibi Mwanaidi akainama kukagua.

"Ndivyo mnavyokata huko milimani? Washambaa bwana! Kitunguu mnakipasua kama kuni!"

"Na ninyi Wazigua mtajuaje, bibi, chakula chenyewe mnameza bila kutafuna?"

Wanawake wakaangua kicheko, wakaanza kuviacha viti mmoja mmoja. Bibi Mwanaidi alicheka mpaka akashika bega la Yasinta asianguke. Jibu lile halikutungwa siku ile. Nadhani alikuwa amelitunza tangu alipokaribishwa kiti cha kwanza.