Shogi la Turubai

Baiskeli iliyopakiwa vibaya inachosha kuliko mlima. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari. Kwa hiyo rafiki yangu aliponiambia anataka kushonesha mifuko miwili ya turubai, ining'inie huku na huku kwenye keria kama shogi la punda, nilimwambia ana wazimu.

"Turubai la nini? Unahamisha kambi?"

"Nataka kitu kisichopasuka."

"Chukua la ukili basi. Jepesi, likichakaa unatupa."

"Na mvua?"

Mvua ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Rafiki yangu alikuwa anaposa Bagamoyo. Mjomba wake alishakwenda kuzungumza na wazee wa binti, maneno yakakaa vizuri, akamtuma mtu atuambie: vitu vifike kabla ya Ijumaa. Kanga za binti, mkaja wa mama yake, kanzu na kilemba cha baba. Baba amesema hangoji tena, kuna wengine wanabisha hodi. Na hii ni katikati ya masika. Jangwani pamekuwa ziwa, basi la Bagamoyo limekwama njiani, wenyewe wanasema halitoki jingine mpaka barabara ikauke. Ikabaki baiskeli. Pengine unaipanda, pengine yenyewe inakupanda wewe begani.

Ndiyo maana mimi nikashikilia wepesi. Kwenye tope kila kitu utakibeba. Yeye akashikilia uimara, kwa sababu kanga zikifika zimelowa na kuchuja rangi, posa imekwisha. Tulibishana kazini, tukabishana kwenye kahawa, tukabishana yeye yuko bafuni anaoga na mimi niko nje ya mlango. Mwisho nikamwambia, mke ni wako, twende kwa fundi.

Fundi alikuwa mzee mmoja hapo Kariakoo, kazi yake kushona maturubai ya malori. Alikuwa na kipande cha hema la jeshi, lile la tangu vita, gumu hata kulikunja ni kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnataka lidumu miaka mingapi?"

"Lifike Bagamoyo tu," nikasema.

"Lidumu," rafiki yangu akasema.

Akalishona kwa sindano ya magunia na uzi uliopakwa nta, mshono mara mbili, chini akaongeza kipande kingine. Lilipokwisha lilisimama lenyewe, tupu, kama lina mtu ndani. Nikalibeba mpaka kwa muuza mchele wa jirani, nikaomba mizani.

"Mnanunua au mnachezea?"

"Tunapima ujinga wa mwenzangu, anakwenda kuposa."

Ratili tisa. Halijaingia hata leso. Muuza mchele akacheka mpaka akashika tumbo. "Sasa hilo lipandisheni baiskeli, nyie mtembee! Huyu bwana harusi au kuli?"

Hapo nikamgeukia. Kumcheka rafiki yangu ni ruhusa yangu mimi, si yake. Nikamwambia mchele wake una mawe mtaa mzima unajua, na shogi hili litakuwepo duka lake limeshaliwa na mchwa. Rafiki yangu akanivuta shati mpaka nje.

"Sasa wewe uko upande gani?"

"Wako. Lakini shogi ni zito."

Fundi ndiye aliyetuambia habari ya mafuta. Turubai la zamani linavuja kwenye mikunjo, alisema, lipakeni mafuta ya papa, haya wanayopaka majahazi, maji hayaingii. Tukatafuta debe, tukalipaka nje na ndani, tukalianika. Jua lilikuwa la kuiba-iba. Lilipokauka, rafiki yangu aliingiza kichwa ndani akanusa, na mimi nikanusa. Hatukusikia kitu. Chumba chetu kilikuwa ukuta mmoja na watu wanaouza papa mkavu, tumekaa pale siku nyingi, na pua zetu zilikuwa zimeshaacha kazi. Tukazikunja kanga, tukazipanga ndani, tukafunga kamba.

Mimi vitu vyangu nilivitia kwenye foronya ya kitambaa cha marekani, nikaifunga kwenye keria ya baiskeli yangu. Kanzu moja, kofia moja. Nilitaka aone wepesi maana yake nini.

Na aliona, kwa saa chache za kwanza. Nilikuwa namtangulia, namngoja, namwimbia. Yeye anasukuma, gurudumu la nyuma limezama nusu. Kisha mvua ikaja, na foronya yangu ikawa kama kitambaa cha kusafishia meza. Nikaacha kuimba.

Mto Mpiji ulikuwa umejaa, daraja huoni. Tukavuka kwa miguu, baiskeli begani, tukipapasa mbao kwa nyayo. Mimi nilifika ng'ambo. Yeye alifika katikati, shogi likamvuta upande mmoja, akaanguka nalo, baiskeli juu yake. Nikarudi. Maji yalikuwa kifuani. Shogi tulilikuta limenasa kwenye matete, limezama lote, na kulitoa ilibidi tuvute wote wawili. Hakulifungua. Alisema hataki kujua mpaka tufike.

Bagamoyo tulifika Alhamisi, alasiri. Mjomba akatutazama kwanza yeye, kisha mimi, akauliza kanzu yangu iko wapi. Nikaikamua mbele yake. Ikabidi niingie kwa wakwe na kaptula ya matope. Wanaume tukakaa barazani pamoja na baba wa binti, shogi likapelekwa ndani kwa wanawake.

Tulisikia kamba inafunguliwa. Kisha mtu akapiga chafya, kisha vicheko vya kuzibwa na kanga mdomoni. Shangazi wa binti akatokeza mlangoni, ameshika pua.

"Mjomba, hebu tuambie. Vijana wako wamekuja kuposa au wamekuja kupaka jahazi mafuta?"

Rafiki yangu akainamisha kichwa. Mimi siwezi mambo hayo. Nikasimama.

"Shangazi, zile nguo zimeanguka mtoni! Zimezama, huyu amezama nazo! Zishike uone kama zina tone!"

"Kaa chini," mjomba akasema.

"Nakaa, lakini azishike!"

Baba wa binti akanigeukia. "Mto gani?"

"Mpiji, mzee."

"Umejaa?"

Nikamwonyesha kifuani. Akaagiza kanzu yake iletwe. Akaikunjua magotini, akapitisha kiganja ndani ya mikono, kwenye kola, kwenye pindo la chini. Akaisogeza puani, akaitoa haraka. Akaishika tena pindo.

"Kavu," akasema. Si kwetu, kwa shangazi.

Shangazi akairudisha ndani. Baadaye moshi wa udi ukaanza kutoka dirishani, mwingi, kama kuna wagonjwa wanafukizwa. Walizitandaza nguo zote juu ya chetezo, moja moja, na kila mara mmoja wao akitoka kuvuta hewa alitutazama akacheka. Sisi tukapewa kahawa. Ile harufu haikutoka, ikapata mwenzake tu, papa na udi pamoja. Rafiki yangu shati lilikuwa bado limelowa, amekumbatia kikombe kwa mikono miwili. Nikasogea nikamkinga upepo.

Shangazi alirudi watu wakijiandaa kwa Magharibi. Safari hii alisimama vizuri, na sauti ilikuwa ya kazi.

"Mjomba, binti amesema ndiyo, na mama yake amesema ndiyo. Vitu tumevipokea." Akamgeukia rafiki yangu. "Lakini nguo za siku ya harusi, baba, zitakuja kwa basi."

"Ahsante, shangazi," rafiki yangu akasema.

Nikafungua mdomo nimuulize basi gani, kwa barabara ile. Mjomba akanikanyaga mguu, nikaufunga.